Mtoto na Nguo ya Shule: Nani Achague?

Kila mwaka mwezi wa Januari ofisi ya parokia hujaa watu. Mmoja ataka cheti cha ubatizo, mwingine ataka barua, mwingine amekuja kuuliza habari za chekechea, na wengi wao wamefuatana na mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza shule. Mimi karani naandika, lakini macho hayana pazia. Namwona mtoto wa miaka 5 amesimama mlangoni na kaptula inayomfika chini ya magoti, mikono ya sweta imekunjwa mara tatu, na viatu vimejazwa karatasi mbele ili visimvuke. Mama yake amefurahi. Amenunua nguo ya miaka mitatu kwa bei ya nguo moja. Mtoto hakuulizwa neno.

Siku moja akina mama wawili walikuwa wakibishana barazani juu ya jambo hili. Mmoja alisema yeye humwacha binti yake wa darasa la awali ajichagulie nguo. Mwenzake akapiga makofi, akasema, "Mama wee, huyo mwanao anajua nini? Sare ni sare. Leo umempa achague gauni, kesho atajichagulia na chakula, na keshokutwa atachagua siku za kwenda shule!" Watu wote benchini wakacheka, nami nikacheka pia. Lakini neno lenyewe si la kuchekwa likaisha. Kabla ya kushika kazi hii ya ukarani nilisomea ualimu, na nilipokuwa darasani kwa mazoezi niliona watoto wengi wanaolia asubuhi kwa sababu ambazo wazazi wao hawakuzijua. Sababu mojawapo, tena si ndogo, ilikuwa nguo.

Kwanza tuelewane juu ya sare yenyewe. Mimi siungi mkono wanaosema iondolewe. Katika shule zetu nyingi za msingi za serikali mtoto huvaa shati jeupe, na kaptula au sketi ya bluu iliyoiva, na sweta ya rangi iliyochaguliwa na shule yake: huku kijani, kule bluu, kwingine ile nyekundu iliyokolea tuiitayo damu ya mzee. Mtoto wa mwenye duka mjini Arusha na mtoto wa mama anayeuza ndizi Tengeru hukaa dawati moja, na kwa nguo hutambui nani ni nani. (Kusema kweli hutambua, maana shati jipya na shati la mwaka wa tatu havifanani, lakini walau tofauti hupungua.) Tena sare humlinda mtoto njiani. Gari likitokea kwenye ukungu, shati jeupe huonekana mbali.

Lakini sare ina gharama zake. Januari 2016 shule za serikali zilianza kufundisha bila ada, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha 4, na jambo hilo limewaleta shuleni watoto wengi mno. Hata hivyo sare, viatu na madaftari vimebaki kuwa kazi ya mzazi. Kwa mwenye watoto wanne hiyo si kazi ndogo. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, wataalamu akina David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia walichunguza watoto wa shule za msingi waliopewa sare bure. Waliona kwamba utoro wa watoto hao ulipungua kwa kiasi kikubwa, na waliofaidika zaidi ni wale ambao hapo kwanza hawakuwa na sare kabisa. Twaona basi kwamba nguo yaweza kumfungulia mtoto mlango wa shule au kumfungia. Na kama nguo ina nguvu hiyo, ni haki kumwuliza yule anayeivaa inamkaaje.

Mkanda wa kaka

Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja wa kigango cha upande wa juu, huko ambako mwezi wa Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne. Sitamtaja jina, wala la baba yake. Mtoto alikuwa na miaka 6. Baba yake ni fundi mwashi, mtu wa bidii, naye alimnunulia mwanawe kila kitu: shati, kaptula mbili, soksi, viatu vya ngozi. Kaptula zilikuwa pana, kwa hiyo akampa mkanda wa kaka yake mkubwa, mkanda mzito wenye kishikizo cha chuma kama cha askari. Nyuma ya kishikizo kulikuwa na ndoana ya kaptula, na kwa kuwa ndoana ilikuwa imelegea, mama akaongeza pini. Asubuhi mtoto alifungwa vizuri kama mzigo wa kwenda Dar es Salaam, akaenda shule anaruka.

Juma la pili akaanza kusema tumbo linamwuma. Akapewa dawa ya minyoo. Juma la tatu alilia kila asubuhi, mama akampeleka zahanati, na mganga hakuona ugonjwa wowote. Baba akasema huu ni uvivu, akachukua fimbo. Mtoto akaacha kulia. Akawa anatoka nyumbani na mkoba wake kimya kimya, anaingia katika migomba, anakaa humo mpaka saa sita, kisha anarudi nyumbani pamoja na wenzake. Mwalimu alipopeleka habari kwamba mtoto hajaonekana siku nane, nyumba nzima ilishtuka.

Aliyegundua jambo ni bibi yake, naye ndiye aliyenisimulia mimi. Jioni moja alitaka kumwogesha mjukuu, akashindwa kumfungua ule mkanda kwa mkono mmoja. Akaweka kata chini, akatumia mikono miwili, na pini ikamchoma kidole. Hapo akasimama, akamtazama mtoto. "Baba, shuleni ukienda chooni nani anakufungua?" Mtoto hakujibu. Machozi yakamtoka.

Mambo yakawa wazi. Darasani watoto ni wengi, choo kiko mbali, na mtoto wa miaka 6 hasemi mapema. Husema wakati umekwisha. Alikuwa akifika chooni anashindana na chuma kile mpaka anajilowesha. Mara ya pili wenzake wakampa jina. Jina lenyewe sitaliandika hapa, lakini mkumbuke jinsi watoto walivyo hodari wa kutunga majina. Mtoto aliona afadhali kukaa migombani na mbu kuliko kuitwa jina lile mbele ya darasa.

Bibi hakuitisha baraza. Usiku ule alitoa mkanda, akafumua kiuno cha kaptula zote mbili, akatia lastiki. Asubuhi akaleta na kaptula ya tatu, ya zamani, ya bluu iliyopauka, akaziweka zote juu ya kitanda, akamwambia, "Jaribu kila moja. Unayoweza kuifungua na kuifunga mwenyewe bila mtu, hiyo ndiyo ya shule." Mtoto akajaribu moja moja. Akachagua ile iliyopauka. Baba yake alikasirika. Alisema watu watamwona hana uwezo, na kaptula mpya zimo ndani. Bibi akamjibu kwamba watu hawaendi chooni pamoja na mtoto wake. Siku ile mtoto akafika shule, na kesho yake pia. Jina baya halikufa upesi, lilichukua karibu muhula mzima, lakini migombani hakurudi tena.

Naomba tuangalie vizuri alichofanya yule bibi. Hakumwuliza mtoto, "Wataka kuvaa nini?" Angemwuliza hivyo pengine mtoto angetaja nguo ya mpira yenye namba mgongoni. Alimwekea kaptula tatu, zote za bluu, zote halali kwa shule, akamwachia aamue lile ambalo yeye peke yake alilijua, yaani ipi anaiweza. Jambo hilo baba hakulijua, mama hakulijua, mwalimu hakulijua. Alilijua mtoto.

Vifungo ni shule

Chuoni tulifundishwa habari za mama mmoja wa Italia, daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907. Wengi wenu mmesikia jina lake, kwa sababu masista wa mashirika mbalimbali hapa Tanzania wanaendesha chekechea kwa njia yake, na wanafundisha walimu wake. Miongoni mwa vifaa alivyobuni kuna fremu ndogo za mbao zilizotandikwa vipande viwili vya kitambaa. Fremu moja ina vifungo vikubwa, nyingine vifungo vidogo, nyingine kamba za kufunga kama za viatu, nyingine vishikizo vya mkanda. Mtoto anafunga, anafungua, anafunga tena, hata mara ishirini, wala hachoki. Mtu mzima akipita aona mchezo. Kumbe mtoto anafundisha vidole vyake kazi ambayo baadaye itashika kalamu.

Hatuna haja ya kununua fremu. Sweta kuukuu yenye vifungo, imevalishwa gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, yatosha. Mtoto wa miaka 3 aweza kuvua nguo, na kuvaa zile zisizo na vifungo akisaidiwa kidogo. Wa miaka 4 hufunga vifungo vikubwa vya mbele. Wa miaka 5 huvaa karibu zote mwenyewe, ingawa mara nyingine nyuma huwa mbele. Kamba za viatu huchelewa, wengi hawaziwezi mpaka miaka 6 au zaidi, wala hiyo si ishara ya ujinga. Kwa hiyo mama anayemnunulia mtoto wa darasa la awali viatu vya kamba ndefu, ajue kwamba amejinunulia kazi yeye mwenyewe, au amemnunulia mwalimu wa watoto wengi kazi ya kufunga kamba tangu asubuhi hadi mchana.

Tena mtoto aliyezoea kuchagua na kuvaa mwenyewe huokoa wakati. Huku kwetu mama wa nyumbani huamka alfajiri. Ng'ombe wa kukamuliwa wamngoja, chai yangoja, na mdogo mgongoni analia. Akimvalisha kila mmoja kwa mikono yake, saa moja imempita na watoto bado wako njiani. Akina mama waliowazoeza watoto kuweka nguo za kesho juu ya kiti au sanduku tangu jioni, mtoto mwenyewe akazipanga, hawajuti. Mtoto akikosa soksi moja jioni, itatafutwa kwa utulivu. Akiikosa alfajiri, itatafutwa kwa makofi.

Lakini sare ni moja tu

Najua mtasema, "Bwana karani, wewe wasema nguo tatu kitandani, mwanangu ana moja." Ni kweli, katika vijiji vyetu vingi mtoto ana sare moja. Hufuliwa jioni, huanikwa juu ya meko wakati wa masika kwa kuwa jua halionekani, na asubuhi mtoto hwenda shule ananuka moshi. Mtoto wa namna hii atachagua nini?

Atachagua mengi. Aweza kuchagua fulana ya ndani, hata kama ni mbili tu na zote zina matundu. Aweza kuchagua kama sweta aivae tangu nyumbani au aibebe mkobani. Aweza kuchagua nguo ya kubadilisha akirudi, ili ile ya shule isiende nayo kwenye majani ya ng'ombe. Na mtoto wa tatu au wa nne, ambaye tangu azaliwe amevaa vilivyowabana wenzake, huyo hasa ndiye wa kuangaliwa. Sweta ya kaka ikimfikia na kiwiko kimetoboka, mwulize, "Kiraka hiki au kile? Kifungo kipi tushone hapa?" Ni jambo dogo, halina gharama, lakini sweta inakuwa yake. Nimemwona binti mmoja akiwaonyesha wenzake kiraka chake kwa majivuno kama wengine waonyeshavyo saa.

Juu ya sweta nina neno zaidi, kwa sababu kwetu baridi si hadithi. Mji wa Arusha uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mlima wetu Meru unapita mita 4,500, na vijiji vyetu vya mlimani viko juu kuliko mji. Mwezi wa Juni na Julai mtoto aliyekataa sweta hutetemeka darasani, hasikii somo. Wazazi wengi hupigana na mtoto mlangoni. Mimi naona afadhali kumpeleka nje kwanza. Asimame uani bila sweta kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini, kisha aulizwe. Mara nyingi jibu hutoka kabla ya ishirini. Na asiyesikia baridi kwa sababu damu yake ni moto, sweta na iwe mkobani, ataitafuta mwenyewe ukungu ukimkuta. Mwili ni wake. Lakini tuseme pia kwamba mtoto mwenye kifua kibaya, au aliyetoka kuugua homa ya mapafu, huyo haulizwi. Huyo huvalishwa.

Gulioni

Soko la Tengeru siku ya Jumamosi ni shule kubwa kwa jambo hili. Mitumba imemwagwa chini juu ya maturubai, watu wameinama, wauzaji wanaimba bei. Nguo hizi wazee wanakumbuka kwamba hazikuwapo kwa wingi namna hii zamani. Ziliingia kwa nguvu tangu katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa hapa kwetu, Ngurdoto, wakaazimia kwamba nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa vipunguzwe mpaka viishe, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Marekani ikalalamika, ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu, na mwaka 2018 Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Haya ni mambo ya wakubwa. Kwetu maana yake ni kwamba mzazi wa kijijini bado anamvika mtoto kutoka katika lile rundo, na shati jeupe la shule hupatikana humo likiwa zuri kabisa.

Basi mpeleke mtoto. Wengi huwaacha nyumbani wakisema watasumbua, kisha hurudi na viatu visivyoingia. Akifika gulioni, mtoto ataona viatu vyenye taa zinazowaka kisiginoni, na hapo ndipo kazi ilipo. Shule yataka viatu vyeusi. Usimwambie "Nyamaza," wala usimwambie "Kesho" kama huna nia, kwa sababu mtoto hukumbuka kesho zote. Mwambie kweli, "Mwanangu, hivyo ni vizuri, lakini si vya shule, na fedha niliyo nayo ni ya viatu vya shule." Kisha wewe mwenyewe chagua kwanza jozi mbili au tatu zilizo nyeusi, imara, na zenye bei unayoiweza. Hizo tu mwekee mbele. Avae, atembee, aruke, aeleze wapi panambana. Ya mwisho aitwae yeye. Muuzaji atakuharakisha. Mwache aharakishe.

Mwaweza kuona kwamba mzazi hakunyang'anywa kitu. Fedha ni yake, rangi ni ya shule, na mtoto amepata sehemu yake tu, inayolingana na miaka yake. Yule mama aliyecheka barazani aliogopa kwamba mtoto akipewa sehemu atataka yote. Mimi katika kuwaona watoto darasani niliona kinyume. Anayetaka yote kwa kelele ni yule ambaye hajapewa hata kidogo, tena akijua kwamba kelele ndiyo njia pekee ya kusikilizwa. Lakini siwezi kusema watoto wote ni hivyo. Wako wanaochelewesha nyumba nzima kwa kusitasita kati ya soksi mbili. Kwa hao hesabu mpaka kumi, kisha chagua wewe, wala usihutubie.

Wako pia wanaosema kwamba nguo si jambo la kuzungumza, nguo ni nguo. Sisi watu wa mkoa huu tunapaswa kujua zaidi. Miaka ya 1967 na 1968 wakuu wa mkoa waliwaamuru Wamasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, katika ile Operesheni Vijana. Nia za walioagiza zilikuwa mbalimbali, na wengine walidhani wanaleta maendeleo au wanatunza heshima. Lakini mpaka leo, nusu karne na zaidi imepita, lubega iko, Waarusha na Wamasai wanaingia nayo mjini na benki na kanisani, na hakuna anayewazuia mlangoni. Mtu mzima aliyeamriwa namna ya kuvaa hasahau. Sijui kwa nini tufikiri mtoto husahau.

Juu ya heshima, akina baba wengi huniuliza habari za mabinti. Binti wa miaka 6 akiachwa achague, je, hatachagua nguo fupi? Jibu langu ni kwamba urefu wa sketi si katika mambo ya kumwachia mtoto wa miaka 6. Shule imepanga na mama anajua. Lakini binti aulizwe kama sketi yampa nafasi ya kukimbia na kuruka mtaro, maana njia zetu wakati wa masika ni mitaro mitupu. Tena aulizwe kama marinda yamemwelemea kiunoni. Na kama akitaka kaptula ya ndani chini ya sketi ili acheze kwa uhuru, apewe bila maswali. Huyo ameelewa heshima kuliko sisi.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa Januari mwenye sweta ya mikono iliyokunjwa mara tatu, kwa sababu najua fedha ndiyo iliyomvalisha hivyo. Kama nguo inashonwa, si lazima inunuliwe kubwa. Kabla fundi hajakata kitambaa, mwambie aache pindo nene, kama vidole vinne chini ya sketi au kaptula, na kiasi cha vidole viwili kwenye mishono ya ubavuni. Kiunoni atie lastiki nyuma. Mwaka ujao atafumua, atashusha, na nguo itakuwa mpya tena, ila utaonekana mstari wa pindo la zamani, ambao ukipigwa pasi kwa kitambaa chenye maji hupungua. Fundi wengine hunung'unika kwa kuwa pindo linakula kitambaa. Mlipe kidogo kwa usumbufu wake. Na wakati wa kujaribu, mwambie amwulize mtoto mwenyewe, sio wewe, kama inambana, na amwache achuchumae mara moja kabla ya kujibu.